Ukucha umezama nyamani

Leo asubuhi hapa Ujiji, mtoto wa miaka 9 kaja anachechemea. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Kisa? Wembe. Kona za ukucha zilikatwa mviringo hadi ndani, na juu yake kiatu cha shule kinachobana. Ukucha ukiota, ncha inachoma nyama kama mwiba.

Soksi ilikuwa imegandia kidoleni. Tuliilowesha taratibu ndipo ikabanduka. Hakulia, alikunja uso tu.

Mguu ulowekwe maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 kwa siku, ukaushwe hata katikati ya vidole. Ukucha ukatwe kwa kunyooka, kona ziachwe. Kuchokonoa kwa pini hapana jamani! Usaha ukitoka au wekundu ukisambaa, zahanati.

Nyie watoto wenu mnawakata na nini, wembe au mkasi?