Robo ni hawa watatu

Leo nimetoka darasani vidole vinanuka dagaa, na moyo umejaa.

Nafundisha hisabati darasa la nne hapa Ujiji. Sehemu zimetusumbua wiki nzima. Nachora duara ubaoni, naligawa, napaka chaki.
Kuna binti mmoja macho yake hayaoni vizuri. Nilimhamishia dawati la mbele nikadhani nimemaliza. Hakuwahi kunyoosha mkono.

Shirika moja la Marekani, CAST, linashauri somo lipangwe tangu mwanzo liwe na njia zaidi ya moja: za kulipokea, za kuonyesha ulichoelewa, na za kukuvuta utake kujifunza. Siyo kumtafutia mtoto kiraka baadaye.

Basi jana jioni nikapitia Kibirizi, nikanunua dagaa wakavu.
Kila kundi dagaa 12. Anayetaka aandike, anayetaka aseme, anayetaka apange tu mezani.

Binti akainama. Akawapapasa mmoja mmoja, akawatenga mafungu manne, polepole, akirudia kuhesabu kwa ncha ya kidole.
Mkono ukapanda juu.

"Madamu, robo ni hawa watatu."

Jamani. Nilishindwa kujibu kwa muda.

Na kijana wetu mwenye kigugumizi alipanga nusu yake bila kusema neno, akanitazama. Nikamwekea vema.

Bado nakiona kile kidole kikitembea juu ya dagaa.

Walimu wenzangu, wiki ijayo naanza ujazo. Nawaza vidumu vya mawese. Ninyi mnatumia vitu gani vinavyoshikika? Niandikieni hapa.