Tembe la Kwihara na waliolala humo

Kwihara ni kilomita sita hivi kutoka Tabora mjini, kwa barabara ya vumbi. Nilikwenda kwa bodaboda, asubuhi kabla jua halijawa kali, na ndivyo ninavyoshauri: mvua zikishaanza Novemba udongo ule huteleza, na gurudumu la pikipiki hujaa tope mpaka lisizunguke. Chukua maji ya kunywa.

Nyumba ya kale iliyoko hapa watu wote huiita Tembe la Livingstone, kwa jina la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti. Aliyekuwa akiwapa wageni nafasi ya kukaa humo alikuwa Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja katika Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, mtu ambaye mwaka 1857 aliongoza msafara wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke kutoka pwani. Livingstone alikuwa mgeni wa miezi sita tu.

Nyumba yenyewe ni ya mtindo wa bara: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vikiuzunguka ua. Kwenye tembe boriti hulazwa juu ya kuta, fito zikakingamishwa juu yake, zikafuata nyasi au magome, kisha udongo ukashindiliwa. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa kwa kuwa hushikamana. Paa lazima liwe na mteremko kidogo. Boriti moja ikibonyea, maji hutuama pale pale, udongo hulowa na kuwa mzito, na boriti huzidi kubonyea. Kinachooza kwanza ni ncha ya boriti iliyozama ukutani, mahali ambapo huioni. Mchwa nao hupandia humo humo ndani ya ukuta. Kwa hiyo paa hukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, nyufa zikajazwa na kushindiliwa upya. Tembe lililoachwa bila mtu halichukui misimu mingi kugeuka kifusi.

Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliingia humu Juni 1871. Alipoandika habari za kibaraza cha udongo cha nyumba za huku alikiita "burzani". Msomaji wa Kiswahili anasikia "barazani" mara moja. Agosti mwaka huo Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi aliyekuwa vitani na Waarabu, aliichoma Tabora, na Stanley akatoboa kuta za Kwihara matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Hapo ndipo ubora wa udongo unapoonekana: unatoboka kwa chuma chochote, lakini unene wake huimeza risasi. Mwenzake Shaw, aliyeshindwa na safari ya Ujiji akarudishwa, alifia hapa Kwihara.

Februari 18, 1872 Stanley alirudi, safari hii pamoja na Livingstone. Machi 14 Stanley akashika njia ya pwani, na mzee Livingstone akabaki akiwasubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Siku za kungoja ni nyingi, na alizijaza kwa kazi za nyumbani. Alitengeneza jibini ya safari, akalalamika kwamba ilikuwa chachu: maziwa huku huganda yenyewe upesi kwa joto, naye hakuwa akitumia dawa ya kugandishia. Yeyote aliyewahi kuacha maziwa kwenye kibuyu anaelewa. Wapagazi walifika Agosti, na tarehe 25 akaondoka, asirudi tena akiwa hai.

Waliofuata ni Cameron, afisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, na wenzake Dillon na Murphy, Agosti 1873, wote wakiteswa na homa. Walikuwa bado Kwihara Oktoba, Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipofika na mwili wake; alikuwa amefariki Mei 1 kule kwa mtemi Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwili ulikuwa umekaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa ndani ya gome la mti na turubai. Cameron alitaka uzikwe hapa hapa. Wapagazi wakakataa kata kata, wakaubeba mpaka pwani. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililoamuliwa Kwihara, na walioamua hawakuwa wenye majina makubwa.

Usiguse ukuta ukidhani Livingstone aliuegemea: jengo la leo lilijengwa upya miaka ya 1950. Umbo la zamani limefuatwa vizuri. Ukiingia, pita mlango uende moja kwa moja uani, kisha geuka utazame vyumba: ndivyo utakavyoona kwa nini mlango mkuu ukishafungwa, nyumba nzima inakuwa boma.