Nne au nane?

Leo Nanenane, siku ya kumi na mbili tangu nirudi kutoka Praha, na maneno ya yule mwalimu mwenzangu bado yananirudia kila nikifungua daftari. Hakunitukana. Alisimama mbele ya bango langu kwenye kongamano la saikolojia, lile la jaribio la tarakimu ngapi wanafunzi wangu wanaweza kuzishika kichwani kwa Kiswahili, kikombe cha kahawa mkononi, akalisoma mstari kwa mstari, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo kumbukumbu ya wanafunzi wako ni fupi kuliko ya wetu?"

Nikamjibu: "Labda ni woga. Hawajazoea majaribio."

Akaitikia kwa kichwa, akaniachia kadi yake, akasogea kwenye bango la pili.

Kinachoniuma ni jibu langu, swali lake halina kosa. Kongamano la Kimataifa la Saikolojia lilianza Paris mwaka 1889 na halikukanyaga Afrika hadi Cape Town, 2012. Mwalimu akipata nafasi ya kusimama pale na kazi ya darasa la Kiswahili, la mwisho kufanya ni kuwasingizia wanafunzi wake. Mimi niliwasingizia. "Labda ni woga." Nimelitamka tena asubuhi hii nikiwa naosha vyombo, na limenichoma vilevile.

Wiki hii dada amejifungua salama mtoto wa kike, idara imepata mkuu mpya, Baba Neema amemaliza kupaua banda la kuku. Mimi nahesabu silabi.

Mo-ja. Mbi-li. Ta-tu. N-ne. Ta-no. Si-ta. Sa-ba. Na-ne. Ti-sa. Zote tisa zina silabi mbili mbili, na sifuri ina tatu. Kwa Kiingereza, kati ya moja na tisa, ni saba tu yenye silabi mbili. Vitabu vyetu vimeng'ang'ania ile "saba, ongeza au punguza mbili" ya mwanasaikolojia Miller, 1956, kwamba mtu hushika kichwani vitu kama saba kwa mara moja, na darasa langu wengi walikwamia tarakimu sita. Lakini mwanasaikolojia Baddeley na wenzake walishaonyesha mwaka 1975 kwamba urefu wa maneno nao unahesabika: mtu hushika takriban kile anachoweza kukitamka kwa sekunde mbili. Neno likiwa refu, sekunde hizo zinajaa mapema. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly wakalipima kwa watu wanaojua Kiwelsh na Kiingereza. Watu walewale walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh, ambako tarakimu huchukua muda mrefu kutamkwa. Walipozuiwa kujisemea kimoyomoyo, tofauti ikatoweka. Hili nalifundisha kila mwaka! Na mbele ya bango langu mwenyewe halikunijia.

Jana jioni nilikuwa kwa wakala natoa pesa. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anataja namba ya simu, na wakala akamkatisha: "Nne au nane, mama?" Mama akajibu bila kufikiri: "Nane, mwanangu. Nane ya Nanenane."

Nilitamani kumkumbatia yule mama. Mwanasaikolojia Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba hata herufi zilizoonwa kwa macho, mtu akizikosea hukosea kwa sauti: huandika ile inayofanana kimatamshi na ile aliyoiona. Sasa ziangalie zetu. Nne na nane. Tatu na tano, zinaanza na ta- zote mbili. Sita na tisa ni sauti zilezile, s na t zimebadilishana nafasi tu. Huenda darasa langu lilibeba mizigo miwili, urefu na mfanano, nami nikaiita woga. Nimerudi nyumbani karibu nakimbia, nikatoa karatasi za majibu za muhula uliopita, na sasa nazipitia upya kwa kalamu nyekundu kutafuta 6 iliyoandikwa panapotakiwa 9.

Darasa moja la watu 38 si utafiti, kwa hiyo wakifungua chuo narudia jaribio lote. Orodha ni za tarakimu nne hadi tisa, tatu kwa kila urefu, sifuri haimo. Tarakimu isijirudie ndani ya orodha, zisifuatane kama 4-5-6, na isiingie 1964, kwa sababu mwanafunzi ataishika kama kitu kimoja badala ya vinne. Simu itapiga mdundo 60 kwa dakika, tarakimu moja kwa kila mdundo. Bila mdundo msomaji huharakisha orodha ndefu bila kujijua. Sauti nayo ibaki sawa hadi mwisho, maana ikishuka kwenye tarakimu ya mwisho umeshamwambia mtu ajiandae. Kalamu mezani mpaka niseme "andika". Kuandika ni kutoka kushoto kwenda kulia. Nimewahi kuwaona wanaoanza na tarakimu mbili za mwisho zikiwa bado moto, kisha wanarudi mwanzo. Akikosa orodha mbili kati ya tatu za urefu mmoja, anaishia hapo.

Nusu ya darasa itaanza na Kiswahili, nusu na Kiingereza, uchovu usije ukaangukia lugha moja. Kila mmoja atasoma tarakimu hamsini kwa kasi yake yote, mara tatu kwa kila lugha, nami nikiwa na saa mkononi. Hapo ndipo nitajua kama anayezitamka haraka ndiye anayezishika nyingi.

Sehemu ngumu ni ya kuzuia kujisemea. Mwanafunzi atasema "pa, pa, pa" tangu kabla ya kadi ya kwanza hadi atakapoandika. Hapa tarakimu lazima azione kwenye kadi, asizisikie kutoka kwangu, na duru ya kulinganisha, isiyo na "pa", nayo iwe ya kadi vilevile. Kwenye kadi nitaandika neno "nane", nisiweke 8: aliyesoma hesabu kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza akiona 8 anaweza kuisoma kwa Kiingereza kichwani, na hapo sitajua nimepima lugha ipi. Tofauti ya lugha ikipungua kwenye "pa, pa, pa", namwandikia yule mwalimu na kumtumia jedwali jipya. Isipopungua, namwandikia pia.

Kuku wawili wameamka wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Chanjo ya mdondo tuliwadondoshea machoni mwezi Aprili, na ilitakiwa irudiwe Julai, mimi nikiwa Praha. Wengine kumi na tisa bado wanakula. Leo sikukuu, na duka la dawa za mifugo limefungwa.