Mkungu wa Chana Sita

Mimi ni Mhaya, kwa hiyo mniruhusu nianze kwa kujisifu: nimekata mkungu wa ndizi za kupika nyuma ya nyumba yangu, Mkonze, Dodoma. Chana sita. Najua kwetu Kamachumu, mkoani Kagera, mkungu wa chana sita unapewa mbuzi, lakini njooni mpande huku ndipo mcheke.

Nilihamia Dodoma 2017, ofisi ilipofungasha. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu tangu 1973, ila sisi watumishi wengi tuliamini siku tulipoona mafaili yanapakiwa kwenye lori. Sikusumbuliwa na joto wala vumbi. Nilisumbuliwa na sahani. Ndizi mbichi sokoni zimesafiri mpaka zimechoka, na bei yake haikutaka mazungumzo. Nikasema, si nina kiwanja? Nitapanda.

Kosa langu lilikuwa kudhani najua migomba. Mtoto wa Kihaya anazaliwa ndani ya kibanja, nyumba iko katikati, migomba na kahawa pande zote, lakini sikuwahi kuona mtu amebeba ndoo kwenda kumwagilia mgomba. Angeombewa. Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, Dodoma hazifiki 600, tena zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili halafu basi, kwaheri. Kilichonidanganya ni mwinuko: miji yote miwili iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Nikajiambia hali ya hewa ni ile ile. Nshomile, Mhaya msomi wa kujidai, na hesabu zake.

Likizo ya mwezi wa sita 2019 nikachimbua machipukizi manne nyumbani, mawili ya Nshakala na mawili ya Nchoncho, ndizi zetu za kupika, nikayatia kwenye kiroba na kupanda nayo basi. Konda alitaka kunitoza nauli ya kiroba kama abiria. Kufika, nikachimba vishimo vya futi moja, kama kwetu, nikatandaza nyasi kavu nene mpaka nikajipigia makofi. Baba mdogo alikuwa amesisitiza kwenye simu: "Wewe tandaza nyasi tu, mgomba utajitunza."

Wiki ya pili nyasi zikaanza kupungua. Nikamshuku jirani. Nikainua fungu moja: mchwa, jeshi zima, wamejenga barabara za udongo mpaka kwenye shina. Kumbe nilikuwa nimewaandalia karamu na blanketi juu yake. Mwezi wa nane ukaja upepo wa huku, ule unaofungua mlango uliofungwa, ukachana majani yakawa kama nyuzi za katani. Nilikuwa namwagilia maji ya kisima, yana chumvi ya kukausha sabuni mkononi, na kingo za majani zikaungua kahawia. Mgomba mmoja ulibaki umesimama kwa ukaidi. Huku baada ya mavuno mifugo inaachiwa, basi Jumapili moja natoka kanisani nakuta mbuzi watatu wanaumalizia, mmoja ananitazama huku jani linaning'inia mdomoni.

Kijana mmoja wa kilimo niliyempelekea kilio changu alinikaripia kabla ya kunipa pole. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeingia Kagera tangu 2006, wewe unabeba machipukizi kwenye basi kuvuka mikoa? Alikuwa na haki. Mara ya pili nikanunua miche iliyooteshwa maabara, elfu chache kwa mmoja.

Aliyenifundisha hasa ni mzee jirani yangu, Mgogo, ambaye hajawahi kupanda mgomba hata mmoja. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, maji yako ya kuoga yanakwenda wapi?" Yalikuwa yanakwenda kwenye karo pamoja na ya chooni. Nikamwita fundi bomba, akatenga bomba la bafuni peke yake na kulielekeza kwenye shimo la futi tatu kwenda chini na upana wa kutosha kumlaza ndama. Humo nikajaza samadi, nusu Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka kwenye zizi la mzee huyo huyo, kisha udongo, na mgomba nikauweka chini kabisa ndani ya bakuli, siyo juu ya tuta. Mfereji wa bati nao ukamwaga humo humo. Nilipanda Desemba, mvua ya kwanza tu ilipoloweka. Ukuta wa mashariki ukawa kinga ya upepo. Nyasi nikaacha, natumia kokoto na majivu. Watu wa umwagiliaji wa matone watanikosoa, lakini nyumba yangu ina watu sita wanaooga, na watoto sasa wakikwepa kuoga nawaambia wanaua mgomba. (Sabuni ya unga ya kufulia msipeleke huko.)

Mama alikuja kutembea mkungu ukiwa tayari. Aliuzunguka mara mbili, akapapasa kidole kimoja cha ndizi. "Waitu, huyu alizaliwa kabla ya miezi?" Lakini alimenya mwenyewe, akazipika na maharage, akala akanyamaza, na kwa Mama kunyamaza ni cheti.

Kilichomteka yeye ni zabibu. Mzee alimpeleka shambani kwake, akamweleza kwamba huku wanavuna mara mbili kwa mwaka. Siku ya safari nilimkuta amefunga pingili tano za mzabibu ndani ya kitenge chenye unyevu. Nikamwambia Mama, mvua ya kwetu itauozesha huo, utashikwa na ukungu kabla haujachanua, halafu na wewe unavusha mimea mikoa.

"Wewe ulileta migomba jangwani," akasema, akiweka kitenge chini ya kiti cha basi. "Mimi nitautandazia nyasi."