Daiari nne na ufunguo mmoja

Desemba 2024 nilikuwa nasogeza kabati ili nipake rangi chumba, zikadondoka daiari nne. Za 2021, 2022, 2023 na 2024, zile za jalada gumu jeusi ambazo mabenki na kampuni za bima hugawa mwisho wa mwaka, na sisi wa uhasibu ndio tunazipokea kwa niaba ya bosi kisha tunasahau kumpelekea. Nikakaa chini na brashi yangu, nikafungua Januari mosi ya kila moja.

2021: kupunguza kilo 10, kumaliza mitihani ya uhasibu ya CPA, kununua kiwanja, kujifunza Kifaransa. 2022: kupunguza kilo 12 (hizo mbili za juu nadhani ni riba), na mengine yale yale. 2023 kiwanja kimekuwa "kiwanja Kibaha", kana kwamba kukitajia mahali ndiko kukinunua. 2024 nimeandika kwa wino mwekundu. Baada ya hapo kurasa nyeupe pee mpaka Krismasi.

Ila kurasa za nyuma kabisa zilikuwa zimejaa mpaka pembeni. Hisa za kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba. Nani ana hela yangu. Siku ya kulipa kodi ya nyumba. Tarehe 7 ya makato ya mishahara, tarehe 20 ya kodi ya VAT. Mambo ambayo sikuwahi kuyaita malengo, na karibu yote yana alama ya vema.

Kikoba chetu kina wanawake 24, tunakutana Jumamosi saa kumi jioni huku Kimara, Dar es Salaam, barazani kwa mwenyekiti. Hisa moja shilingi 5,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Ukichelewa, faini 1,000. Simu ikilia, 500. Ukimtuma mtoto akuletee hela, 2,000 na maneno juu. Sanduku ni la bati, la bluu, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku. Likifunguliwa, mhesabu fedha ananyoosha noti moja moja juu ya paja lake, anahesabu kwa sauti, na sote tunamtazama mikono kama kuku anavyotazama mahindi. Hapo sijawahi kukosa zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mimi huyu huyu niliyelipia jimu miezi mitatu nikaenda siku nne.

Basi nikajiuliza pale sakafuni: tofauti iko wapi? Nidhamu ninayo, maana Jumamosi ipo. Nilichokuwa sina kwenye ile kurasa ya Januari mosi ni mtu anayenisubiri.

Ofisini walishatupeleka semina, tukafundishwa SMART: lengo liwe mahsusi, lipimike, lifikike, liwe la uhalisia, liwe na muda. Tukapiga picha, tukala kuku. Baadaye ndiyo nikasoma kwamba George Doran, Mmarekani aliyeyapanga maneno hayo kwenye makala ya mwaka 1981, kwenye herufi A hakuweka "lifikike". Aliweka kwamba lengo liwe na mwenyewe, litajwe nani atalifanya. Alikuwa anawaandikia mameneja, si mimi na kilo zangu, lakini hapo kwenye mtu ndipo nilipoona mantiki.

Kutangaza si kusubiriwa, lakini. Mwaka 2023 niliweka malengo yangu stetasi, nikapewa hongera na makopakopa, nikashiba sifa kabla sijafanya kitu. Waliopongeza hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida na mimi nisipofanya.

Kwa hiyo 2025 nilianza kwa kufuta. Kifaransa kilikwenda cha kwanza. Hakuna anayenisubiri niongee Kifaransa, na nikisema ukweli hata mimi sijisubiri.

Kilo nikazikabidhi kwa jirani mwenye genge. Yeye kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri anatoka kwenda kuchukua nyanya na ndizi soko la Mabibo. Nikamwomba nimsindikize mpaka barabara ya Morogoro, kisha nipande kilima mwenyewe kurudi. Nilidhani atasahau. Anagonga dirisha kwa sarafu: "Jirani, umekufa humo?" Utalalaje tena? Nimepungua kilo nne. Si 12, ila suketi ya kazini inafunga bila kuvuta pumzi.

Kazini nilimwomba bosi kwamba kuanzia Machi ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, niandae mimi, mwandamizi wangu aikague. Mwezi ule wa mwanzo nilirudishiwa mara mbili, kuna risiti za mashine ya EFD nilikuwa nimezihesabu mara mbili. Yule dada hakunigombeza, alizungushia duara tu akaniachia mezani. Niliumia kuliko kugombezwa. Lakini duniani hakuna anayesubiri kwa uaminifu kama watoza kodi wa TRA tarehe 20, na kufika Agosti nilikuwa naimaliza tarehe 15.

CPA ndiyo ngumu. Nilimpata mwenzangu wa Ubungo, tukawa tunakutana Maktaba Kuu, pale Bibi Titi, Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Wa kwanza kufika anashika viti viwili. Kuna Alhamisi nilikuwa nimeshasimama kwenye foleni ya basi la mwendokasi kurudi nyumbani, nikakumbuka ameshaweka mkoba wake kwenye kiti changu. Nikatoka kwenye foleni, nikarudi. Mei nilifanya masomo mawili nikafeli moja. Novemba nimelirudia, nasubiri matokeo.

Kiwanja hakipo bado. Nilinunua hisa tatu kwa wiki, wiki 48, ikawa 720,000 kabla ya faida. Ya kuanzia kulipa kwa awamu ipo. Na mambo ya hela siyapangi tena Januari, maana Januari ya mjini ada, sare na kodi ya nyumba vinabisha hodi siku moja. Mwaka wangu wa fedha unaanza Februari. Wa serikali unaanza Julai na hakuna anayeishangaa.

Mwaka huu nimeandika mistari mitatu tu, na mbele ya kila mmoja jina la mtu badala ya tarehe.

Ningeeleza zaidi, ila leo Jumamosi. Desemba tulivunja kikoba, leo tunafungua mzunguko mpya, sanduku halina hata senti. Nimechaguliwa kushika ufunguo wa pili. Ni saa tisa na dakika arobaini, na mwenyekiti ameshapiga simu mara mbili.