Tunabaki Côte-des-Neiges

Machi ndio mwezi ambao wapangaji wa Montreal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, hawana usingizi. Mikataba mingi ya nyumba hapa inaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni mwaka unaofuata, na mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi anatakiwa amwandikie mpangaji miezi 3 hadi 6 kabla mkataba haujaisha. Kwa hiyo barua zinaanza kuonekana Januari, na mwisho wa Machi kila ukipishana na jirani kwenye ngazi swali ni lile lile: na ninyi mmeongezewa ngapi? Yetu ilikuja mwanzoni mwa mwezi. Tunalipa dola 1,150 za Kanada kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka 1,290.

Tunakaa ghorofa ya juu ya jengo la matofali mekundu, mtaa wa Côte-des-Neiges, karibu na kituo cha metro cha Plamondon. Nyumba yetu ni 4½, kama wanavyohesabu huku: jiko, sebule, vyumba 2 vya kulala, na bafu ndiyo ile nusu. Umeme na joto ni juu yetu. Kila mwaka baridi ya kwanza ikiingia, hita ndefu zilizopigwa chini ya madirisha zinawashwa, na kwa saa nzima nyumba inanuka vumbi linaloungua huku chuma kikigonga tik, tik, tik kinapopanuka. Mwanangu wa mwisho anaupenda huo mlio. Anaulalia kabisa, shavu likiwa karibu na ukuta, mpaka nimsogeze.

Tulipofika kutoka Bujumbura ilikuwa katikati ya baridi, na kutafuta nyumba wakati ule ni kazi ambayo simtakii mtu. Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye nyumba za uani ambako wapangaji tunachota maji bomba moja na kodi inakubaliwa kwa mdomo. Huku kila mlango ulitaka karatasi: barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba wa zamani, na historia ya mikopo. Mtu aliyeshuka kwenye ndege mwezi uliopita, historia ya mikopo ataitoa wapi? Mara nyingine hata karatasi hazikuulizwa. Lafudhi yangu kwenye simu ilitosha: nyumba imeshachukuliwa, pole mama, na kesho yake tangazo lingali pale pale. Iliniuma, na bado inaniuma nikikumbuka.

Mmoja alikubali kutupangisha, lakini alitaka kodi ya miezi 3 mkononi kama dhamana. Tulikuwa tayari kukopa. Aliyetuzuia ni mzee mmoja wa Bukavu tuliyemfahamu msikitini, mtu aliyekwisha kaa hapa muda mrefu, ambaye wageni wengi humwendea kabla ya kutia sahihi popote. Alituambia bila kupandisha sauti: “Wanangu, katika Quebec hakuna dhamana. Unalipa mwezi wa kwanza, basi.” Na ndivyo ilivyo. Kifungu cha 1904 cha Sheria ya Kiraia ya Quebec kinakataza mwenye nyumba kudai fedha nyingine yoyote zaidi ya kodi, na hawezi kudai kodi ya mapema kupita mwezi wa kwanza. Ukivuka mpaka ukaingia jimbo la Ontario, kule anaruhusiwa kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho. Hapa hapana. Nimeshawaeleza watu hili jikoni kwangu, kwenye basi, hata kwenye foleni ya duka, na nitaendelea kulisema, maana najua familia zilizotoa akiba yao yote kwa kitu ambacho sheria haikitambui.

Atakayetaka kujua jinsi mji huu unavyoishi na nyumba zake aje auone tarehe 1 Julai. Ni sikukuu ya taifa la Kanada, lakini Montreal siku hiyo inahama. Zamani mikataba ilikuwa ikibadilika tarehe 1 Mei. Miaka ya 1970 serikali iliisogeza ili watoto wasihamishwe shule katikati ya masomo. Tangu hapo mji mzima unabeba vitanda siku moja, na jua la Julai huku halina huruma kama watu wanavyodhani. Nyumba nyingi hupangishwa bila friji wala jiko la kupikia, kwa hiyo kila mtu anahama na vyake. Mitaa ya Verdun na Plateau, ambako ngazi za chuma ziko nje ya nyumba na zinajipinda, nimemwona kijana ameibeba friji mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, anashuka kinyumenyume hatua kwa hatua, na mwenzake chini akimwelekeza: kushoto, kidogo, kidogo, simama. Mtaa mzima ulinyamaza mpaka mguu wake ulipogusa lami.

Jioni njia za waenda kwa miguu zinajaa makochi, meza, magodoro. Meza yetu ya chakula ilitoka huko. Godoro usiokote hata liwe jipya namna gani. Kunguni wa Montreal ni balaa ya kweli.

Lakini nilikuwa nazungumzia barua. Katika barua tuliyoletewa palikuwa na visanduku 2 vya kuweka alama: nakubali kodi mpya, au naondoka. Hicho ndicho kilichonifanya nikae kuandika leo. Sheria ya hapa inampa mpangaji majibu 3, na lile la tatu ndilo muhimu kuliko yote: nakataa nyongeza na ninabaki. Mkataba wa nyumba Quebec hujiongeza wenyewe. Ukifika mwisho wake hufukuzwi kwa sababu umefika mwisho. Ukikataa nyongeza, ni mwenye nyumba anayepaswa kwenda mahakama ya nyumba, Tribunal administratif du logement, ndani ya mwezi mmoja, na mahakama ndiyo itakayopanga kodi. Asipokwenda, kodi inabaki ilivyokuwa. Jambo la kuangalia ni muda: una mwezi mmoja wa kujibu tangu upokee barua, na ukikaa kimya umekubali.

Watu wetu wengi hawalijui jibu hili la tatu. Wanaona karatasi yenye nembo na tarakimu, wanadhani ni amri. Wengine wanalijua lakini wanaogopa; wanasema mgeni hapelekani na mtu mahakamani, tutaonekana wakorofi, watatunyima vibali. Naielewa hofu hiyo, nimelelewa nayo. Kule tulikotoka ukisikia mahakama unajua mambo yameharibika. Hii ya nyumba ni chumba cha kawaida chenye mtu anayesoma risiti za ushuru wa manispaa, bima na matengenezo, akatoa hesabu. Kila Januari mahakama hiyo hutoa pia asilimia ya kukadiria nyongeza ya kodi. Mwaka wa barua hii, 2025, kwa nyumba ambazo mpangaji alijilipia joto, ilikuwa asilimia 5.9, nayo iliwashtua wengi kwa ukubwa. Hata hivyo kwetu asilimia 5.9 ni kama dola 68. Mwenye nyumba anataka 140, na dirisha la chumba cha watoto bado tunaliziba kwa plastiki kila Novemba.

Mume wangu alikuwa na wazo lingine. Binti yetu mkubwa anaingia miaka 12 na bado analala chumba kimoja na wadogo zake wawili. “Mama watoto,” aliniambia usiku ule tulipoisoma barua, “huyu mtoto anahitaji mlango wake.” Anasema kweli. Ninamwona akienda kubadilisha nguo bafuni, akifanyia hesabu zake juu ya kitanda. Tulianza kutazama nyumba za 5½ huko Laval na Longueuil, miji ya pembeni mwa Montreal, na tulichokiona kilitunyamazisha wote wawili. Kodi zinazoombwa leo kwa mtu mpya hazina undugu na kodi anayolipa mtu aliyekaa mahali pamoja kwa muda. Na katika majengo mapya, kwa miaka 5 ya kwanza, mkataba unaweza kusema kwamba mpangaji hana haki ya kwenda mahakamani kupinga nyongeza.

Hapo ndipo ninapoona ulinzi huu mzuri ulivyogeuka kamba mguuni. Unamlinda aliye ndani, na unamfanya aogope kutoka. Zamani palikuwa na njia: aliyehama alimhamishia mwingine mkataba wake, kodi ikabaki ile ile, na mwenye nyumba hakuweza kukataa bila sababu nzito. Sisi Warundi na Wakongo tulipokezana nyumba kwa namna hiyo. Aliyepata kazi Ottawa alimwachia mdogo wake au mgeni aliyefika karibuni. Tangu Februari 2024 sheria imebadilika. Mwenye nyumba anaweza kukataa kwa sababu yoyote, na akikataa, mkataba unavunjika tarehe uliyotaka kuuhamisha. Wanasiasa walisema haki ya mwenye mali ilikuwa imebanwa mno. Mimi naona waliufunga mlango ambao maskini walikuwa wakiupitia, na sijasikia hoja iliyonibadilisha mawazo.

Upande wa pili wa korido anakaa mama mmoja wa Kihaiti, mjane, aliyepita miaka 65. Barua ya nyongeza ilimkuta na yeye. Juni 2024 bunge la Quebec lilipitisha sheria nyingine, hii ya kheri, inayowalinda wapangaji wa miaka 65 na zaidi, wenye kipato kidogo au cha wastani, waliokaa katika nyumba moja miaka 10 au zaidi, wasiondolewe kwa urahisi. Nilimsomea kwa Kifaransa mezani kwake, akaniambia nisome tena, kisha akaitisha miwani asome mwenyewe. Yeye ndiye hunikalia watoto nikiwa na zamu ya usiku hospitalini. Theluji inapoanguka usiku na ving'ora vya magari ya kuvuta vinalia mtaani, kuwaamsha wenye magari wakayaondoe ili barabara isafishwe, yeye ndiye anayewaambia wasiogope. Ningehamia Laval, huyu ningempata wapi? Na duka la mtaa wa Victoria lenye sombe na mikungu ya ndizi mbichi, na shule ambayo binti yangu anakwenda kwa miguu?

Basi tumekata shauri. Tunabaki, nyongeza tumeikataa. Sebule tutaigawa kwa kabati na pazia zito, upande wa dirisha uwe wa binti yetu. Baba yake ameshapima, na yeye mwenyewe amechagua rangi ya pazia. Jibu nililiandika kwa mistari michache na kulipeleka posta kwa rejista, nikatunza stakabadhi. Mama wa Kihaiti nilimwandikia lake siku hiyo hiyo, akatia sahihi, tukaongozana.

Jana msimamizi wa jengo alinipigia simu. Mwenye nyumba yuko tayari tuzungumzie 1,220. Nimemwomba alete kwa maandishi hesabu ya ushuru, bima na matengenezo, na pia tarehe ambayo fundi atakuja kutazama lile dirisha.