Kalamu nyekundu nilimpa yeye

Kwa miezi mitatu mfululizo binti yangu wa miaka 8 alipata mia kwa mia kila Ijumaa, nami nikawa natembea kifua mbele. Namfundisha mwenyewe nyumbani, na shemeji yangu, mwalimu wa siku nyingi, alikuwa ameniambia: "Wewe mpe mtihani kila wiki, andika asilimia, utajua amefika wapi." Nikaandika asilimia. Nikachora hadi grafu. Sikujua lolote.

Siku ya kuumbuka nilimwachia karatasi nikakimbilia sufuria iliyokuwa inaungua. Kurudi, katika hesabu kumi kakosa saba. Nikamshika paji la uso nikidhani ana homa. Kumbe siku zote nikiketi mbele yake huandika jibu, kisha hunitupia jicho. Nikikunja uso, anafuta. Nikilegea, anasonga mbele. Kuna farasi wa Ujerumani, Hans, aliyesifiwa kuwa anajua hesabu kwa kugonga kwato, hadi mwaka 1907 Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba alikuwa anasoma mwili wa anayemuuliza. Muulizaji asiyejua jibu, farasi naye hajui. Mimi Hans wangu alikuwa na pengo la meno mawili.

Sasa sikilizeni ujanja wangu, maana huu najivunia. Nilimwambia, "Leo mwalimu ni wewe." Nikampa kalamu nyekundu, nikafanya hesabu nane, nyingine sahihi, nyingine nimezivuruga makusudi, nikainamia daftari nisionekane uso. Alipoona 47 + 25 = 612 alicheka mpaka akashika tumbo, akanikata kosa refu. Akafika kwenye 52 − 38 = 26. Vema kubwa!

"Mwalimu, hii nimepataje?" nikauliza.

"Ah, Mama! Nane kutoa mbili, sita. Tano kutoa tatu, mbili."

Ndipo nikaelewa. Hakuwa mzembe, alikuwa na kanuni yake: ndogo hutolewa kwenye kubwa, popote zilipo. Kwenye 8 + 4 = __ + 5 nilijaza 12, nayo akaipa vema, maana kwake alama ya sawasawa ni amri ya kuandika jibu. Ile karatasi yenye makosa saba isingenieleza hayo hata ningeitazama mwezi mzima. Tulirudi kwenye vijiti vilivyofungwa kumikumi, tukakaa navyo wiki mbili hivi, au tatu.

Kusoma nako nilidanganyika vilevile. Alikuwa anatiririka kama maji, hadi nilipoziba picha kwa kiganja; akaganda. Kitabu kizima alikuwa amekikariri. Siku hizi namfungulia ukurasa asioujua, nahesabu maneno 100, nachora kijistari kwa kila neno analokosa. Vikizidi kumi, kitabu bado kizito. Vikiwa vitano au pungufu, akasome peke yake. Na usimsahihishe katikati, uume ulimi. Hilo kwangu lilikuwa gumu kuliko kumfundisha.

Kitu kingine: alichokijua Ijumaa si lazima akijue mwezi ujao. Kwa hiyo kila karatasi naiandika tarehe, naihifadhi, na baada ya wiki nne hivi namrudishia swali la aina ileile bila kumtahadharisha. Sahihi zikibaki sahihi, naamini. Gharama ni daftari na kalamu nyekundu, ingawa kalamu zinakwisha haraka kwa sababu mwalimu wangu anapenda kuandika maoni marefu.

Shemeji alipokuja majuzi aliniuliza binti yupo asilimia ngapi. Nikamwita mhusika. Akamketisha shemeji, akampa hesabu kumi, akazunguka nyuma yake mikono mgongoni. Shemeji alipata tisa. Chini ya ukurasa akaandikiwa: "Unaharakisha. Mwandiko mbaya."